Chupa Moja, Sheria Mbili: Anachopaswa Kutarajia Mnywaji wa Bia Avukapo Rusizi II



Wako wasafiri ambao, kabla ya kuvuka mpaka, huuliza maswali mawili tu kuhusu bia: ipi ni nzuri, na bei yake ni kiasi gani. Maswali hayo si mabaya, lakini hayatoshi, na anayeridhika nayo hujitafutia taabu. Mimi ni mwalimu wa lugha, si mwalimu wa vileo. Sikuandikii leo ili kukushawishi unywe, wala ili kukukataza. Nakuandikia kupinga dhana moja iliyoenea mno, kwamba bia ni bia popote pale, na kwamba anayevuka mpaka ameiacha sheria nyumbani kwao na kukuta starehe tupu ng'ambo.

Hoja yangu ni kinyume cha hiyo. Katika safari nyingi bia yenyewe ndiyo inayobadilika kidogo kuliko vyote. Vinavyobadilika ni saa za kuinywa, adhabu ya kuendesha gari baada yake, umri wa anayeruhusiwa kuinunua, na hata maana ya neno unaloliagizia. Mnywaji asiyeyajua hayo huwatwisha wenyeji wake mzigo wa kumlea. Na kama huyo ni raia wa Afrika Mashariki anayejivunia umoja wetu, basi anauaibisha umoja huo kila anapoketi mezani.

Chapa ileile pande zote mbili

Tuchukue mfano wa Rusizi II. Hiki ni kituo cha mpaka kati ya wilaya ya Rusizi nchini Rwanda, ambako wengi bado hupaita Cyangugu, na jiji la Bukavu katika Kivu Kusini, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kati yao unapita mto Rusizi, unaotoka Ziwa Kivu na kuelekea kusini hadi Ziwa Tanganyika. Jina hilohilo, Rusizi II, linaitwa pia kituo cha umeme kilichoko chini zaidi mtoni. Nitakirudia mwishoni, kwa sababu kina somo letu.

Msafiri anayevuka hapa huona mambo machache ya kumshangaza. Saa ya ukutani haibadiliki, maana nchi ya Rwanda na mashariki ya Kongo ziko katika majira mamoja. Magari hupita kulia pande zote mbili. Kiswahili kinasikika pande zote mbili: nchini Kongo ni mojawapo ya lugha nne za taifa, na nchini Rwanda kilifanywa lugha rasmi mwaka 2017. Hata chupa iliyoko mezani ni ndugu wa ile uliyoiacha nyuma yako. Primus hupikwa Kongo na kampuni ya Bralima, iliyoanzishwa mwaka 1923 mjini Léopoldville, yaani Kinshasa ya leo. Hupikwa Rwanda na Bralirwa, iliyoanzishwa mwaka 1957 mjini Gisenyi, kwenye ufuo wa kaskazini wa ziwa hilohilo la Kivu. Hupikwa Burundi na Brarudi, ya mwaka 1955. Kwa miongo mingi kampuni zote tatu zilikuwa chini ya mkono wa Heineken ya Uholanzi.

Hapo ndipo mtego ulipo. Jicho likiona chapa ileile, akili hudhani kwamba na kanuni ni zilezile. Msafiri huyu angekuwa Uarabuni angejihadhari, kwa sababu kila kitu kingemwambia kwamba yuko ugenini. Lakini Rusizi II humdanganya kwa ukarimu wake. Lugha ni ya kwao, chupa ni ya kwao, na nyumbani kwake panaonekana ng'ambo ya maji. Nani basi atamwambia kwamba ameingia chini ya sheria nyingine?

Saa ya kufunga

Anza na saa. Tangu Septemba 2023, serikali ya Rwanda iliagiza kwamba huduma zisizo za lazima, baa zikiwemo, zifungwe saa 7 usiku katika siku za kazi, na saa 8 usiku siku za Ijumaa na Jumamosi. Mwanafunzi wa Kiswahili, soma sentensi hiyo mara ya pili. Saa 7 usiku si saa moja ya jioni, wala si saa saba ya Wazungu. Ni saa saba baada ya jua kuzama, ambayo Mwingereza angeiandika kwa tarakimu moja na Mfaransa vivyo hivyo. Kirwanda huhesabu saa kama sisi tunavyozihesabu, kwa hiyo mhudumu wa Kamembe akikutajia saa kwa Kirwanda, hesabu yake na yako ni moja. Lakini tangazo la ofisi lililoandikwa kwa Kifaransa au Kiingereza litatumia hesabu ile nyingine. Kosa la saa sita katika zoezi la darasani hugharimu alama moja. Kosa hilohilo ugenini linaweza kukugharimu usiku mzima.

Usidhani kwamba Rwanda ni ya pekee katika jambo hili. Nchini Kenya, Sheria ya Udhibiti wa Vileo ya mwaka 2010, ambayo watu huiita Sheria ya Mututho kwa jina la mbunge aliyeipigania, iliziwekea baa saa za kuuza: kuanzia saa 11 jioni hadi saa 5 usiku katika siku za kazi, na kuanzia saa 8 mchana hadi saa 5 usiku mwishoni mwa wiki. Msafiri wa Rwanda akifika Nairobi na kuagiza bia saa 7 mchana siku ya Jumanne, akakataliwa, asilalamike kwamba Wakenya hawana ukarimu. Amekataliwa na sheria, na mhudumu aliyemkataa amejiepusha na faini.

Na kwenye mpaka ipo saa nyingine iliyo kali kuliko zote, nayo ni saa ya lango lenyewe. Anayekwenda Bukavu kwa miguu kunywa na jamaa zake hapaswi kuuliza tu baa inafungwa lini. Aulize kwanza mpaka unafungwa lini, kisha ahesabu kurudi nyuma. Lango halimsubiri aliyekuwa akimalizia chupa ya mwisho. Atalala upande usio wake, na kesho yake atakuwa na maelezo ya kutoa kwa watu wawili: ofisa wa uhamiaji na mkewe.

Barabara

Jambo la pili ni barabara. Polisi wa Rwanda hutumia vipima pumzi barabarani, na hawavitumii kwa mzaha. Kwa miaka mingi dereva aliyekutwa amezidi kiwango amelipa faini ya faranga 150,000 na kuzuiliwa kwa siku 5. Mwaka 2019 ilianzishwa kampeni ya usalama barabarani iitwayo Gerayo Amahoro, maneno ya Kirwanda yanayomtakia msafiri afike kwa amani. Mwaka 2023 Wizara ya Afya ilianzisha kampeni nyingine ya kuwahimiza watu wapunguze unywaji. Zaidi ya hayo, Kanuni ya Adhabu ya mwaka 2018 inautaja ulevi wa wazi mbele za watu kuwa kosa la jinai, hata kama mlevi hana gari na hajampiga mtu.

Nimewasikia wasafiri wakisema, kwa sauti ya kujisifu, kwamba basi dawa ni kuvuka: upande mmoja wakiwa wakali, tutakunywa upande wa pili. Kauli hii inanikera kuliko nyingine zote, na nitaeleza kwa nini.

Kwanza, ni uongo. Hakuna nchi isiyo na sheria. Iko nchi ambayo mgeni haijui sheria yake. Kutoona kipima pumzi njiani si ruhusa ya kuendesha ukiwa umelewa, na asiyeuliza sheria ya mahali hana haki ya kusema haipo.

Pili, ni dharau. Anayesema hivyo amegeuza nchi ya jirani kuwa ua wa nyuma wa nyumba yake, mahali pa kutupia tabia ambazo haoni haya kuzifanya mradi tu wa kwao hawamwoni. Mtoto anayevuka barabara ya Bukavu ana thamani ileile ya mtoto anayevuka barabara ya Kamembe. Dereva anayetoka kwao akiwa na nia ya kulewa mahali ambako anadhani hatakamatwa, amekwisha kuamua moyoni kwamba mtoto mmoja kati ya hao wawili ni wa bei ndogo. Hilo silo jambo la starehe, ni jambo la uraia, na ndiyo sababu naliandika hapa.

Tatu, ni upofu. Bukavu si uwanja wa starehe. Mwezi Februari 2025 jiji hilo liliingia mikononi mwa waasi wa M23. Mwezi Juni mwaka huohuo, Heineken ilitangaza kwamba imepoteza udhibiti wa mitambo yake ya Bukavu na Goma. Tafakari maana yake: hata kiwanda cha bia, ambacho watu hudhani kinaishi juu ya siasa, kilimezwa na vita. Mgeni anayeketi katika jiji lililopitia hayo, akagonga meza na kudai muziki uongezwe, hajui ameketi na nani. Huenda jirani yake mezani amepoteza kazi, nyumba au ndugu. Burundi nayo, ambayo inapakana na wilaya hiyohiyo ya Rusizi upande wa kusini, ilifunga mipaka yake na Rwanda mwezi Januari 2024. Katika eneo hili, uwezo wa kuvuka na kunywa na rafiki ni neema inayoweza kuondolewa kwa tangazo moja la redio. Anayeichezea haijui thamani yake.

Neno moja, vinywaji viwili

Sasa tuje kwenye lugha, uwanja wetu sisi. Methali yetu yasema, ukienda kwa wenye chongo, fumba lako jicho. Mnywaji ajifunze kufumba na sikio pia, maana maneno ya vileo yanahama vibaya kuliko maneno mengine yote.

Neno pombe, kwa msemaji wa Dar es Salaam, ni jina la vileo kwa jumla. Mashariki ya Kongo mara nyingi humaanisha bia ya chupa. Neno tembo, kwa mtu wa Pemba au Lamu, ni kinywaji kigemwacho mnazini. Lubumbashi ni chapa ya bia ya kampuni ya Brasimba, yenye picha ya mnyama. Bia ya moto haichemshwi. Ni bia isiyotoka kwenye friji, na katika eneo letu lote utaulizwa wazi kama unataka ya baridi au ya moto. Mgeni anayecheka swali hilo anasahau kwamba wazee wengi huipendelea hiyo ya moto, nao si wajinga.

Vinywaji vya kienyeji navyo vina majina yao, na majina hayo ni sehemu ya adabu. Bia ya ndizi huitwa urwagwa nchini Rwanda na kasiksi huko Kivu. Wahaya wa Kagera huiita rubisi, na Waganda huiita tonto. Ndizi huivishwa, hukamuliwa juisi, kisha juisi hiyo huchachushwa kwa unga wa mtama uliokaangwa. Mtama peke yake hutoa ikigage ya Rwanda. Wachagga wana mbege, watu wa Iringa wana ulanzi utokao kwenye mianzi. Mgeni anayekaribishwa kinywaji cha namna hii nyumbani kwa mtu hatarajii orodha ya bei. Atarajie kwamba mwenyeji ataonja kwanza yeye mwenyewe, kama ilivyo desturi nchini Rwanda, ili mgeni aone kwamba hakuna ubaya uliotiwa ndani. Desturi hiyo ina undugu na ile ya mhudumu wa baa kuifungua chupa mbele ya macho yako. Zote mbili zinajibu swali moja: je, naweza kukuamini? Usinyanyue chupa iliyofunguliwa mbali nawe, na usimharakishe anayeonja kabla yako.

Lakini liko jina moja ambalo msafiri asilitamke kwa utani, nalo ni kanyanga. Kanyanga ni pombe kali ya kienyeji, ndugu wa gongo ya Tanzania, chang'aa ya Kenya na lutuku ya Kongo. Nchini Rwanda kanyanga imewekwa katika kundi la dawa za kulevya. Soma tena: haikuwekwa pamoja na bia isiyo na kibali, bali pamoja na dawa za kulevya. Anayekamatwa akiivusha mpakani hashitakiwi kwa ulevi wala kwa kukwepa kodi peke yake. Anashitakiwa kwa kosa ambalo adhabu yake huhesabiwa kwa miaka ya gerezani. Kijana anayeombwa na mtu asiyemjua ambebee kidumu kidogo hadi ng'ambo anapaswa kulijua hilo kabla hajakinyanyua. Ujinga wa neno moja unaweza kumla ujana wote.

Hata kinywaji halali kina kipimo chake. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inamruhusu msafiri aliyetimiza miaka 18 kuingia bila ushuru na lita 1 ya pombe kali au lita 2 za mvinyo. Bia haikutajwa katika ruhusa hiyo. Kwa hiyo yule anayejaza kreti garini akisema ni ya matumizi yangu mwenyewe, na ajiandae kuyathibitisha maneno hayo mbele ya ofisa wa forodha, ambaye ameyasikia tangu asubuhi.

Meza, pesa na mhudumu

Kuna mambo madogo ambayo vitabu vya wasafiri hupenda kuyaandika, nami sitayadharau. Bukavu dola ya Marekani hutumika pamoja na faranga ya Kongo, lakini noti iliyochanika hata kidogo pembeni hukataliwa, na hakuna hoja itakayoiokoa. Rwanda utalipa kwa faranga ya Rwanda, mara nyingi kwa simu. Chupa tupu ni mali. Baa huzihesabu na kuzirudisha kiwandani, kwa hiyo usiondoke na chupa ukidhani umeinunua pamoja na bia. Ulichonunua ni kilichomo ndani.

Kubwa kuliko hayo ni namna ya kumwita anayekuhudumia. Mgeni aliyelewa huona wepesi wa kumdharau mwanamke anayemletea chupa, hasa akiwa mbali na watu wanaomjua. Hudhani kwamba tabasamu la kazini ni mwaliko, na kwamba pesa ya bia inanunua pia uvumilivu. Mwite dada, au mama ikiwa umri wake wastahili. Bukavu utasikia pia yaya, jina la heshima kwa mkubwa wako, na ni neno zuri la kujifunza. Neno la heshima halizidishi bili. Linamkumbusha mnywaji kwamba mbele yake yuko mtu aliyeamka alfajiri, mwenye safari yake ya kurudi nyumbani usiku baada ya meza yenu kufutwa.

Mbali zaidi ya mto

Mwanafunzi ataniuliza: je, mambo haya ni ya Rusizi tu? La. Rusizi ni shule ya karibu kwa safari za mbali. Hata ndani ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, Zanzibar ina mamlaka yake juu ya vileo. Mwezi Januari 2024 hoteli za visiwani zilikumbwa na upungufu wa vinywaji baada ya mabadiliko ya vibali vya waagizaji, ilhali viwanda vya bia vilikuwa vikifanya kazi Dar es Salaam, ng'ambo ya bahari. Bendera ni moja, lakini kileo kina mlango wake.

Ndugu zetu waendao Ghuba kufanya kazi wakute habari hizi mapema. Saudi Arabia ilipiga marufuku vileo mwaka 1952, na Kuwait nayo imevipiga marufuku. Oman inaviruhusu katika hoteli na mahali penye leseni. Dubai inaruhusu kwa wenye miaka 21, lakini Sharjah, umbali wa safari fupi ya gari, hairuhusu. Qatar ilipoandaa Kombe la Dunia mwaka 2022, siku 2 tu kabla ya mchezo wa kwanza ilitangazwa kwamba bia haitauzwa viwanjani, ingawa kampuni ya bia ilikuwa miongoni mwa wadhamini wa mashindano. Mashabiki waliotoka pembe zote za dunia walitii. Ikiwa shabiki aliyelipa maelfu ya dola aliweza kutii, kwa nini sisi tushindwe kutii tukiwa tumevuka daraja kwa miguu?

Kwingineko ni umri unaogeuka. Marekani, tangu sheria ya mwaka 1984, umri ni miaka 21, na kijana wa miaka 20 aliyekuwa akinywa kihalali Kigali atanyimwa kule. Ujerumani kijana wa miaka 16 huuziwa bia. Uswidi mtu wa miaka 18 huhudumiwa baani, lakini dukani, kwenye maduka ya serikali yaitwayo Systembolaget, hauziwi mpaka atimize miaka 20. Usijaribu kutafuta mantiki moja itakayozifunika sheria hizi zote, maana kila jamii imefika ilipofika kwa njia yake, baada ya misiba yake na mabishano yake. Kazi ya mgeni ni kuijua sheria na kuitii. Kuibadilisha ni haki ya wenyeji.

Mapingamizi mawili

Liko pingamizi la kwanza: mwalimu, mbona tuna Soko la Pamoja? Itifaki yake ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010, na Kongo ikajiunga na Jumuiya mwaka 2022. Je, si tumekwisha kuwa watu wa nyumba moja?

Ndiyo, lakini isome itifaki hiyo. Imeruhusu watu kusafiri na kufanya kazi, na papo hapo imeziachia nchi uwezo wa kuweka mipaka kwa ajili ya usalama, afya na utulivu wa umma. Uhuru wa kuvuka haujawahi kuwa uhuru wa kutotii. Nyumba moja ina vyumba, na mwenye adabu hubisha hodi hata kwenye chumba cha nduguye.

Pingamizi la pili lina nguvu zaidi: mtu wa kawaida atazijuaje sheria hizi zote? Hapa nageuza kalamu na kuwaelekea wenye mamlaka, kwa sababu lawama haiwezi kuwa ya mnywaji peke yake. Kampuni za bia zinajua kutuandikia matangazo kwa lugha tunayoielewa, kwa herufi kubwa, kwa rangi zinazoonekana usiku. Sheria nayo ina haki ya kuandikwa hivyohivyo. Nadai kwamba kila kituo cha mpaka cha Jumuiya, kuanzia Rusizi II, kiwe na bango la mistari mitano kwa Kiswahili sanifu: saa za kufunga baa, umri, adhabu ya kuendesha umelewa, vinywaji vilivyokatazwa kwa majina yake ya mtaani, na namba ya kuita msaada. Mistari mitano haishindi hazina ya serikali yoyote. Lugha iliyofanywa rasmi kwa sherehe haina budi ifanye kazi ya kila siku, na hakuna kazi iliyo tukufu kwa lugha kama kumweleza mtu sheria kabla hajaadhibiwa kwayo.

Wala asiseme mtu kwamba nchi hizi haziwezi kukubaliana. Niliahidi kurudi kwenye kile kituo cha umeme. Ruzizi II, kilichoanza kazi mwaka 1989, ni mali ya pamoja ya Rwanda, Burundi na Kongo, na umeme wake umegawanywa kati ya nchi tatu kupitia miaka ambayo majirani hao walipigana na kushutumiana. Taa inayowaka juu ya meza ya mnywaji pale Kamembe, na ile inayowaka juu ya meza ya mwenzake pale Bukavu, huenda zimewashwa na maji yaleyale. Waliokubaliana kugawana mto mzima watashindwaje kukubaliana juu ya bango?

Kabla hujaagiza

Kwa hiyo, mpenzi msomaji, ukiulizwa mnywaji wa bia atarajie nini ugenini, usijibu kwa majina ya chapa. Jibu kwamba atarajie kuwa mgeni, hata pale chupa inapomwambia kwamba yuko nyumbani. Ajue saa ya kufunga na saa ya lango. Asiguse usukani baada ya kuigusa chupa. Asibebe kidumu asichokijua. Alipe kwa noti nzima, arudishe chupa tupu, na amwite mhudumu kwa jina la heshima. Na asiyekunywa kabisa, ambao ni wengi na hawana la kuomba radhi, naye ayajue haya, maana siku moja atakuwa yeye anayemrudisha rafiki nyumbani.

Kazi yenu ya wiki hii ni hii. Andikeni lile bango la mistari mitano kwa ajili ya mpaka ulio karibu nanyi, kwa Kiswahili ambacho dereva, mchuuzi na mwanafunzi wataelewa bila kuuliza. Msitumie neno ambalo hamwezi kulieleza. Kisha mpelekeeni mtu aliyevuka mpaka huo mwezi huu, mumwulize kama kuna mstari ambao ungemsaidia. Jibu lake ndilo litakalowapa alama.